Vidonge vya Penina Alivyokunywa Remigius

Kwenye mnada wa Karatu wanasimulia kwamba mke wa shemeji yangu alimwekea mumewe sumu siku ya wageni. Nimeisikia habari hiyo kwa masikio yangu, nikiwa nachagua maharage. Mwanamke aliyekuwa akiisimulia hakunifahamu. Nilimwacha amalize, kwa kuwa sikulelewa kumkata mtu kauli, kisha nikamtajia jina langu na la ukoo wetu. Alinijazia kopo la maharage mpaka yakamwagika.

Siwezi kuzunguka minada yote. Naandika basi, ili anayetaka kuisema familia ya Qwaray aiseme kwa usahihi.

Sumu haikuwapo. Vilikuwapo vidonge halali, vya zahanati, vilivyoandikwa jina la Penina, na vikamezwa na mume wake Remigius ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Mgonjwa alikuwa Penina. Moyo wake ulikuwa ukishindwa kazi mbele ya macho yetu, nasi sote, tuliosoma na wasiosoma, tulikuwa tumemkazia macho mumewe. Nusura tumzike Penina. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo.

Asiye na haraka na amjue kwanza Penina.

Alizaliwa Mbulu, akaletwa kwetu mwaka 1979, na sasa ana miaka sitini na sita. Mimi na yeye tumeolewa na ndugu wawili. Mimi nilimpata Raphaeli, mkaguzi wa shule, ambaye Mungu amrehemu. Yeye alimpata kaka yake, Remigius, dereva wa watalii. Nyumba zetu zinatazamana, juu kule ambako mashamba yanaishia na msitu wa Ngorongoro unaanza, kwa hiyo kwa miaka arobaini na zaidi nimemwona Penina kila asubuhi kabla sijaona jua. Anakamua, anakata majani ya ng'ombe, anapalilia maharage ya ngwara, anashuka kijitoni na kupanda na ndoo. Hali chakula akiwa amekaa. Husimama dirishani, sahani juu ya kizingiti, jicho kwenye zizi. Nikimwambia, "Mama Thadei, kaa basi," hujibu, "Nikikaa, Mwalimu, nitasahau nilikuwa nafanya nini."

Mwaka juzi akaanza kusimama njiani. Kilima cha kutoka kijitoni alikuwa akikipanda bila kutua. Sasa akawa anatua kwenye jiwe la kwanza, anatua kwenye jiwe la pili, kisha anashika ukuta wa jirani yetu Eunike kana kwamba amekuja kuukagua. Usiku hakulala chali tena. Aliegemea magunia ya ngwara, akisema akilala pumzi inamkimbia. Tukasema ni umri. Akapata kichefuchefu, tukalaumu magadi tunayotia kwenye kande. Kisha likaja taya. Taya likimuuma mtu, kila mmoja anajua kuna jino bovu, hivyo akaenda kwa fundi wa meno aliyekuwa akipita siku za mnada, akang'olewa gego. Maumivu hayakukoma. Akarudi, akang'olewa la upande wa pili. Magego yote mawili aliniletea kwenye karatasi, nikayatazama kwa miwani. Yalikuwa mazima kabisa, meupe, yenye mizizi kama ya mti.

"Labda walikosea jino," nikasema.

"Ni mwili tu, Mwalimu," Penina akajibu, akaenda kukamua.

Remigius yeye hakuwahi kuwa na "mwili tu". Miaka thelathini na mmoja aliendesha wageni kushuka na kupanda kreta, na mpaka leo, akiwa na miaka sabini na mmoja, anausema mwili wake kama anausema Landrova. Akikohoa ni silensa, goti likilia ni beringi. Jumatatu ya Pasaka alikula sahani mbili za mbuzi wa kukaanga, akashushia na supu ya mbuzi huyohuyo, akajilaza kwenye kochi. Haikupita robo saa akaweka mkono kifuani.

"Mama Thadei! Injini!"

Siku hiyo ndipo nilipoona jinsi mwanamume anavyougua. Simu zilipigwa Arusha na Dodoma. Thadei, mtoto wao mkubwa, aliomba kumwona baba yake kwenye skrini, na Remigius akainua mkono taratibu kama askofu anayebariki. Eunike alileta mayai. Redio ilizimwa. Penina alichinja kuku, akamchemshia, akamwekea mto mgongoni na mwingine miguuni, akamkanda. Nilipokwenda kuchukua chumvi nilimkuta nyuma ya jiko ameinama, mikono magotini.

"Nini tena?"

"Navuta pumzi kidogo tu. Mpelekee chumvi, anaidai."

Nikampelekea chumvi. Ndivyo ilivyokuwa, siongezi wala sipunguzi.

"Shemeji," nikamwambia Remigius, "twende hospitali Karatu ukapimwe."

"Ili iweje, Mwalimu? Nirudi na cheti cha moyo?" Akajiinua kwenye mito. "Watu wa Endulen wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nani atamwachia mgonjwa wa moyo aseme mbele ya wakwe? Watasema huyu mzee atatufia katikati ya sentensi."

Watu wa Endulen walikuwa familia ya Kimaasai ya mzee Lesiamon, ambaye kijana wake alimpenda Anitha, kitinda mimba wa Remigius na Penina. Walikuwa wanakuja kujitambulisha na kuzungumza habari za ng'ombe.

Ningeweza kumpinga. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na minane, na nimewaamuru watu wagumu kuliko Remigius. Lakini nilikuwa na langu moyoni. Mume wangu Raphaeli alifariki kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sitini na miwili, gazeti mkononi. Katika wasifu uliosomwa kanisani niliandika kwamba "aliugua kwa muda mfupi", na waombolezaji wakajijazia malaria wenyewe. Nilifanya hivyo kwa ajili ya mabinti zetu. Ukoo ukishasemwa kuwa una moyo, wachumba hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine. Sasa kulikuwa na Anitha. Nikaona mioyo miwili katika familia moja itakuwa mingi.

"Basi dawa utaipataje?" nikauliza.

Remigius akamtazama mkewe kwa namna ambayo wanaume wote wa huku huwatazama wake zao siku ya kliniki.

Inafaa nieleze. Kwetu mwanamume haendi zahanati. Hupelekwa, tena akiwa amelala. Benchi la zahanati ni la wajawazito, wanyonyeshao, na mabibi wenye wajukuu. Mwanamume akionekana amekaa pale, jioni watu huja nyumbani kwake kumpa pole na kuulizia trekta litabaki kwa nani. Kwa sababu hiyo wanawake huwasemea. Mke huenda na kikohozi cha mumewe, au mgongo wake, au mkojo wake unaochoma, akakisema kama chake na kurudi na dawa. Sicheki mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kuvipeleka vidonda vya tumbo vya Raphaeli, nikiwa mwalimu mkuu.

Tulimfanyisha Penina mazoezi mezani kwangu.

"Unaumwa nini, mama?" nikamuuliza, nikijifanya mganga.

"Kifua."

"Upande gani?"

"Cha mzee ni kushoto."

"Usiseme cha mzee! Ni chako."

"Kushoto. Kinabana kama... Baba Thadei, kinabana kama nini?"

"Kama kupandisha ukuta wa kreta kwa gia namba nne!" Remigius akaitikia kutoka kwenye kochi.

"Niseme hivyo, Mwalimu?"

"Sema kinabana. Inatosha."

Penina akakunja na kukunjua ncha ya kitenge. "Sasa Mwalimu, nikishakuwa pale pale mbele ya daktari, siwezi kumwambia na hili taya? Na hii pumzi?"

Jibu nililompa nimelipeleka kwa padre mara mbili. Nilisema, "Usichanganye mambo, Mama Thadei. Ukichanganya watatoa dawa isiyo yake."

Nilimsindikiza mwenyewe. Mganga wa zahanati yetu ni Zablon, niliyemfundisha darasa la tano. Mzito wa hesabu lakini mwadilifu. Penina alisema kifua, akasema kushoto, akasema kinabana. Zablon akamfunga kile kitambaa mkononi, akapiga pampu, akatazama. Akapiga tena. Akaenda kuleta kipimo kingine.

"Aayo, mama yangu, umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Kutoka kule juu?"

"Kwani umesikia ndege imeanza?"

"Kaa hapo. Usinyanyuke." Akaniangalia mimi. "Mwalimu, ni mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na mbili. Hii siyo presha ya kuchezea. Moyo wa huyu mama unafanya kazi ya maksai wawili."

Penina akanigeukia, macho yamemjaa huruma. "Maskini Baba Thadei," akanong'ona.

Nami? Nilikwishapata maelezo kabla hatujafika mlangoni. Nilimwambia presha imepanda kwa sababu ya kilima, na zaidi kwa sababu ya kusema uongo, maana hakuzoea. Hata mimi presha yangu ilikuwa ikipanda mkaguzi akiingia darasani, na mkaguzi mwenyewe tulikuwa tunalala nyumba moja. Zablon alitupatia vidonge vya aina mbili, na barua ya kwenda hospitali Karatu kesho yake, bila kukosa. Barua niliikunja nikaitia mkobani. Nikasema itasubiri wageni waondoke.

Remigius alianza dawa Jumanne jioni, wiki ileile ya wageni. Jumatano, kabla ya saa sita mchana, alikuwa amekwenda chooni mara tisa.

"Inasafisha rejeta," akanieleza akipita, ameridhika kabisa.

Alhamisi, kila alipoinuka, dunia ilimzunguka akashika mlango. Hiyo nayo ilikuwa dalili njema. Dawa isiyokutikisa, alisema, ni peremende. Kifua hakikumuuma tena, na hakuna aliyekumbuka kwamba tangu Pasaka alikuwa hajagusa mbuzi wa kukaanga. Jumamosi asubuhi, ili sauti itoke vizuri, alimeza viwili viwili.

Wiki hiyohiyo Penina alipiga chokaa ukuta wa mbele, akatwanga, akapika kwa ajili ya watu thelathini. Miguu ilimvimba, viatu vikamkataa, akavaa raba za mumewe bila kuzifunga kamba. Nilimwambia abadilishe kabla wageni hawajafika. Alibadilisha.

Wakaja na Landkruza ya kijana wao. Mzee Lesiamon alishuka kwanza, mrefu, shuka jekundu limenyooka, fimbo mkononi. Nyuma yake mkewe Nalotuesha, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyotulia, na wazee wengine wanne. Lesiamon alisimama zizini akawatazama ng'ombe wetu kwa muda mrefu.

"Wengine wako malishoni?"

"Ndio hao watatu," Remigius akasema. "Wa maziwa."

"Ahaa." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayetoa pole. "Kwetu hawa angepewa mtoto wa shule, ajifunzie."

"Na kwenu ninyi mahindi yako wapi? Au mnayaona kwenye picha?"

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono, nikaona mambo yanaenda vizuri. Watu wakaketi. Sala ikasaliwa. Chai ikanywewa, na wakati inanywewa Remigius aliomba udhuru mara tatu. Kisha akasimama kusema.

"Waheshimiwa wageni wetu, watu wa Endulen, sisi wa familia ya Qwaray ni watu tunaojulikana kwa..."

Tunajulikana kwa nini hatukupata kusikia. Remigius alipepesuka, akaenda mbele kama gunia, akatua na kichwa kwenye mapaja ya mzee Lesiamon.

Lesiamon aliinua kikombe chake kisimwagike. "Pakiteng," akasema kwa upole, kwani ndivyo wanavyoitana waliopeana ng'ombe, "hatujafika huko bado."

Ndipo Eunike akapiga yowe: "Moyo! Jamani, moyo wake!" Na siri yangu yote ya wiki mbili ikawa uani.

Penina alikuja mbio kutoka jikoni na ndoo. Alimmwagia mumewe maji usoni, akamwinua miguu akaiweka juu ya stuli, akamlegeza mkanda, yote hayo wakati sisi wengine tunaulizana la kufanya. Remigius akafumbua macho. Watu wakaanza kumpepea, mwingine akimsalia, kijana wa Lesiamon akaileta Landkruza kinyumenyume mpaka barazani. Mimi nilikimbia kumchukulia koti lake la heshima, maana hospitali huwezi kumpeleka na shati lililolowa. Nikiwa naenda nilimwona Penina ameketi juu ya kuni, mgongo ukutani. Nikiwa narudi nilimwona vilevile. Nikafikiri: leo kwa mara ya kwanza nimemwona amekaa. Nikampita.

"Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya Nalotuesha. Alikuwa amechuchumaa kando ya Penina, mkono wake kwenye shingo yake. "Njoo hapa."

"Mama, tumpeleke mzee kwanza."

"Mzee anaongea."

Kweli alikuwa anaongea. Alikuwa ameshawekwa kiti cha mbele, na sauti yake ilisikika ikimweleza kijana kwamba kwenye mteremko wetu asitumie breki, ashuke na gia ya pili.

"Mtu anayefundisha gia hafi leo," Nalotuesha akasema. "Huyu hapa hasemi. Yeyo, mama, unaumwa wapi?"

Penina alikuwa na rangi ya majivu, jasho limemtoka kama aliyetoka mtoni. "Taya," akasema. "Na mgongo. Ni mwili tu."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Mimi pia nilianza na taya, na tumbo, na kuchoka. Hospitali ya kwetu wakaniambia ni moyo. Nikawaambia moyo gani uko mdomoni? Wakanionyesha kwenye karatasi." Akaniinulia macho. "Anakunywa dawa gani?"

Wageni walikuwa wametuzunguka. Eunike alikuwapo, na Eunike akijua jambo, mnada unalijua. Nilimwona Anitha mlangoni na sinia la chapati. Ningeweza kusema "hana dawa". Lingekuwa neno fupi, na jina letu lingebaki lilivyo. Lakini Penina alikuwa amenishika kidole kimoja cha mkono, kama watoto wa darasa la kwanza wanavyonishika, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Aliandikiwa dawa," nikasema. "Zimenywewa na mumewe."

"Mume anakunywa dawa za mkewe?" Lesiamon akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na mke anakunywa nini?"

"Chai."

Mzee mmoja wa Endulen alianza kucheka akajizuia kwa kikohozi. Lesiamon hakucheka. Alikwenda kwenye gari akafungua mlango wa mbele.

"Pakiteng, hamia nyuma."

"Mimi ndiye mgonjwa!"

"Wewe umekunywa dawa za mwanamke. Nyuma!"

Penina akabebwa na Nalotuesha na mimi, akawekwa mbele. Nikatoa barua mkobani, imekunjwa nne, nikaishika mkononi njia nzima ya Karatu ili nisije nikaisahau tena. Remigius, katikati ya wazee wawili wenye fimbo, hakusema neno la gia wala la breki.

Daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Aliwapima wote wawili kwa mashine ile ya nyaya za kifuani. Kwa Remigius alimaliza upesi.

"Babu, moyo wako ni mzima. Ulikuwa na kiungulia, umekula mafuta ukalala. Kilichokuangusha leo ni dawa. Umeishusha presha ambayo haikuwa imepanda."

"Kiungulia tu?" Remigius akauliza, na nadiriki kusema alikuwa na masikitiko.

"Kiungulia tu. Lakini moyo wa mzima nao hupimwa. Kuna ndugu yako wa damu aliyewahi kuugua moyo?"

"Hakuna. Mdogo wangu alikufa kwa malaria."

"Alikufa kwa moyo," nikasema.

Remigius akanigeukia kinywa wazi.

"Malaria mlijiongezea wenyewe, shemeji. Mimi niliwaacha tu." Daktari akaandika. Nilitegemea dari itaanguka, haikuanguka.

Kwa Penina hakumaliza upesi. Alisema sehemu ya moyo wake ilishaumia zamani, miezi mingi nyuma, pengine siku zile za gego la kwanza, na kwamba leo ulikuwa unataka kuumia tena. Akaniketisha na kunieleza bila kupandisha sauti, jambo lililoniuma kuliko kama angenifokea. Wanaume wengi, alisema, huja wameshika kifua na kila mtu anaelewa. Wanawake nao hubanwa kifua, lakini mara nyingi kuliko wanaume huja na mengine: uchovu usioelezeka, pumzi fupi, taya, mgongo, kichefuchefu. Wakishapita umri wa kuzaa, presha huwapanda kimyakimya. Wanaume wa vijijini hawaji kupimwa kwa sababu ya kiburi, na wanawake huja kila wiki, ila huja na ugonjwa wa mtu mwingine.

"Huyu mama alikuwa na dalili hizi zote. Hakumwambia mtu?"

"Alitaka kumwambia mganga."

"Nani alimzuia?"

"Mimi," nikasema. "Benedicta Qwaray. Andika."

Penina alikaa hospitalini siku kumi na moja. Siku ya kwanza alitaka kutoroka akakamue. Huku nyumbani Remigius alikamua mwenyewe, akapigwa teke la paja na yule ng'ombe mwekundu, akaja kwangu akichechemea kuniuliza kama mke wake huwa anamsemesha nini ng'ombe huyo. Kijitoni alishuka na ndoo moja, akatua kwenye kila jiwe lililoko njiani, na Eunike alihesabu.

Kuhusu uchumba, nilijua umekwisha. Nani ataoa katika nyumba ambayo watu wanabadilishana dawa? Lakini mwezi wa sita wakatuma ujumbe: watakuja tena, Alhamisi ya tarehe kumi na mbili. Nilifurahi mpaka nikatafuta kalenda. Tarehe kumi na mbili ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya Penina kuwa siku yake ya kliniki.

"Kliniki itasogezwa," Remigius akasema. "Wakwe hawasogezwi."

Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo nimuunge mkono, mazoea yana nguvu. Penina alikuwa amekaa. Ndiyo, kwenye kiti, na sahani mapajani.

"Tarehe yangu ni hiyo," akasema. "Mimi naenda. Ninyi pokeeni wageni."

"Nani atapika?"

"Anayejua kukamua hashindwi kupika," akajibu mkewe, na akaendelea kula.

Kwa hiyo nikamwandikia mzee Lesiamon ujumbe kwenye simu kwamba wenyeji wake watakuwa zahanati hadi mchana, na ikiwa hilo ni kosa la adabu, basi kosa ni langu. Sikuwahi kuandika barua yenye nukta chache kama ile. Hakujibu.

Walikuja moja kwa moja zahanati. Landkruza ilisimama mbele ya benchi, wakashuka, na wanawake wajawazito wakasogea ili wazee watano wenye fimbo wapate nafasi. Remigius, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya mti wa mkrismasi akisema anamsubiri mke wake tu, ilibidi naye ajitokeze akae. Zablon alipoona wazee wameketi wenyewe bila kubebwa hakuipoteza nafasi. Alitoka na kipimo.

Lesiamon akapata mia moja sabini na mbili. Remigius akapata mia moja ishirini na nane.

"Nimekupita!" Lesiamon akasema, akapiga fimbo chini. "Tena kwa mbali!"

Wazee wa Endulen wakafurahi. Remigius akakunja uso. "Huyu mtoto amenipima nikiwa nimepoa. Nipime tena." Na kabla sijamshika shati akaondoka kwa kasi, akaizunguka zahanati mara mbili, akarudi anahema, amenyoosha mkono. Mia moja arobaini na sita.

"Bado," Lesiamon akasema kwa huruma.

"Babu zangu, siyo ng'ombe hao!" Zablon akapiga kelele. "Mwenye nyingi ndiye mgonjwa!"

Mzee Lesiamon aliitazama ile mashine, akamtazama Zablon, akateremsha fimbo. Akapewa vidonge kwenye karatasi. Akavitazama kidogo, halafu kwa mkono usio na wasiwasi akamkabidhi mkewe.

Nalotuesha hakuvipokea. "Andika jina lake," akamwambia Zablon, "kwa herufi kubwa. Na kimoja ameze sasa hivi, mbele ya hawa."

Mzee akameza. Zablon akamkataza kunyanyuka kwa nusu saa, na kwa kuwa mgeni wa heshima haachwi peke yake, mazungumzo ya Anitha yalianzia palepale kwenye benchi, kati ya wajawazito na watoto wa kupimwa uzito. Wageni wakasema lao vizuri. Kisha wakanyamaza wakisubiri msemaji wetu, lakini msemaji wetu alikuwa bado anahema kutokana na mbio zake, mkono ubavuni, hawezi kutoa neno.

Penina alikuwa ametoka kupimwa. Mia moja thelathini na nne. Alikunja kadi yake, akaitia kifuani, akavuta kiti cha Zablon akakaa mbele ya wazee.

"Nitasema mimi," akasema. "Tuanze na ng'ombe."

Nikajiandaa kumsahihisha maneno. Hayakuhitaji.